Mkate Huu Unakatwa Upande Gani?

Mstari wenyewe ni mfupi. Nimeuandika mara nyingi hadi vidole vinaujua kuliko kichwa:

apply(simu, 1, mean, na.rm = TRUE)

Ukiusoma kwa Kiswahili cha kawaida unasema hivi: chukua sanduku la namba linaloitwa simu, likate slesi moja kwa kila mfanyakazi, tafuta wastani wa kila slesi, na penye pengo uruke. Laptopu yangu ni ya mtumba na feni yake inalia kama kinu cha unga, lakini ilijibu kabla sijainua kikombe cha chai. Zikatoka namba 24. Nikazipanga kutoka kubwa hadi ndogo, nikazipaka rangi, tatu za chini nikazipa nyekundu, nikatuma. Jioni hiyo nikalipwa kwa simu na kodi ya nyumba ikalipika. Wiki mbili baadaye nikasikia kwamba wale watatu wa rangi nyekundu hawako kazini tena.

Tangu hapo kuna swali linanifuata hadi kwa kibanda cha chapati: ule mstari ulikuwa wa nani?

Acha nieleze kwanza kilichokuwa ndani ya sanduku, maana bila hilo tutabishana hewani. R ni programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni ya bure, na haikuulizi cheti, ndiyo sababu mtu kama mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu bado anaweza kuitumia kupata riziki. Kampuni iliyonipa kazi hupokea simu za wateja wa kampuni nyingine: mtu amekwama, anapiga, anajibiwa. Walinipa data ya miezi mitatu. Wafanyakazi 24, wiki 13, zamu tatu: asubuhi, mchana, usiku. Ndani ya kila kijisehemu kulikuwa na namba moja, yaani katika kila simu mia alizopokea mtu huyo wiki hiyo kwenye zamu hiyo, ni ngapi zilimalizwa hapo hapo bila mteja kulazimika kupiga tena. Vijisehemu 936 kwa jumla, vingine vimejaa, vingine vitupu.

Sasa fikiria mkate. Ule wa dukani tumezoea umekatwa tayari, mashine ilishaamua upande, sisi kazi yetu ni kupaka siagi tu, siku ambayo siagi ipo. Lakini sanduku la namba halijakatwa. Unaweza kulikata kwa upande wa wafanyakazi ukapata slesi 24, kila slesi ikiwa na wiki zote na zamu zote za mtu mmoja. Unaweza kulikata kwa wiki ukapata slesi 13. Unaweza kulikata kwa zamu ukapata slesi tatu nene. Unaweza pia kukata pande mbili kwa mpigo, wafanyakazi na zamu, ukabaki na vipande 72 vyembamba kama vibanzi. Namba ni zile zile. Hakuna iliyobadilishwa, hakuna aliyedanganya. Na kila ukataji unatoa hadithi tofauti.

Kwenye mstari ule, ile 1 ndiyo inayosema upande wa kukata. Ndani ya R nafasi hiyo inaitwa MARGIN, na Kiswahili chake kizuri ni pambizo: ukingo wa jedwali, mahali ambapo makarani wa zamani waliandika jumla baada ya kujumlisha kila mstari. Neno hili hunichekesha kidogo. Tunapozungumza kuhusu watu, kusukumwa pambizoni ni kusahaulika. Kwenye jedwali mambo yamegeuzwa. Anayeandikwa pambizoni ndiye anayebaki na jina lake, na vilivyo katikati ndivyo vinavyojumlishwa hadi vipotee. Nilipoandika 1, wafanyakazi walibaki. Wiki zikapotea, zamu zikapotea. Usiku wote wa miezi mitatu ulipotea ndani ya wastani na mimi nikiwa nakunywa chai.

Rafiki yangu aliyenipatia hiyo kazi bado anafanya pale. Jumamosi moja akapitia kwangu, akakaa kwa kitanda kwa sababu kiti nina kimoja.

"Buda, unajua 17 ni nani?"

"Nitajuaje? Mlinipa namba, si majina."

"Ni yule mathe wa usiku. Ameondoka jana na kikapu chake. Wasee wa usiku wamekasirika, wacha tu. Yeye ndiye alikuwa anawafunza kazi."

Sikumjibu. Alipoondoka nikafungua faili tena, nikabadilisha herufi chache:

apply(simu, c(1, 3), mean, na.rm = TRUE)

Sasa mtu na zamu wote wamebaki pambizoni. Likatoka jedwali la mistari 24 na safu tatu. Kwenye mstari wa 17, chini ya asubuhi, R iliandika NaN. Chini ya mchana, NaN. Maana yake hakuna namba ya kutoa wastani, kwa sababu vijisehemu vyake vyote 26 vya asubuhi na mchana vilikuwa vitupu. Hakuwahi kufanya kazi mchana hata siku moja. Chini ya usiku kulikuwa na namba, na nilipoilinganisha na za wengine wote waliofanya usiku, ilikuwa ya kwanza. Katika orodha yangu ya rangi alikuwa wa tatu kutoka mwisho.

Si uchawi. Usiku kila mtu hupata alama za chini. Anayepiga simu saa tisa usiku ana shida isiyoweza kungoja, na msimamizi mwenye ruhusa ya kuitatua amelala kwake. Simu inaisha kwa "tutakupigia asubuhi," na kwenye data hiyo ni simu ambayo haikumalizwa. Wengi walikuwa na asubuhi zao za kuwainua. Yeye alikuwa na usiku mtupu, na ile na.rm = TRUE, ambayo niliiweka kwa mazoea kama mtu anavyofunga mlango akitoka, ndiyo iliyoruka mapengo yake 26 kimya kimya bila kunionya kwamba wastani wake na wa wenzake haukutoka mahali pamoja. Ni kama kuchukua dereva wa matatu anayeingia mjini saa nane usiku na mwingine anayeingia saa mbili asubuhi, ukahesabu dakika, kisha ukasema huyu wa pili hajui kuendesha.

Rafiki yangu alijaribu kunituliza kwa simu. "Wewe ulikuwa kisu tu," akasema. "Kisu hakichagui mkate." Nimelifikiria hilo sana kwa sababu nilitaka liwe kweli. Ni kweli kwamba si mimi niliyeuliza swali. Bosi ndiye aliyesema, nakumbuka maneno yake: nataka kujua nani yuko chini. Lakini sikiliza sentensi hiyo vizuri. Ndani yake ukataji umeshafanyika. Kiswahili kina nani, kina lini, kina zamu gani, na kila moja ni pambizo lake. Anayeuliza nani ameshaandika 1. Angeuliza lini ningeandika 2, na pengine tungegundua kuna wiki ambayo mitambo ilianguka na kila mtu akashuka. Angeuliza zamu gani tungeona kwamba usiku wenyewe ndio mgonjwa. Ila watu wenye mamlaka hupenda swali la nani, na sababu haihitaji elimu ya juu: mtu anaweza kufutwa kazi. Usiku huwezi kuufuta kazi.

Kwa hiyo swali lilikuwa la bosi. Lakini bosi hakujua kwamba kuna ukataji mwingine. Yeye aliona orodha, na orodha iliyopakwa rangi hufanana sana na ukweli. Katika chumba kile mtu pekee aliyejua kwamba ile 1 ingeweza kuwa kitu kingine nilikuwa mimi. Sioni namna ya kulizunguka hilo. Aliyeagiza hesabu ana lawama yake, lakini anayejua kwamba hesabu moja ina majibu mengi ana deni ambalo aliyeagiza hana. Kisu hakijui mkate una pande ngapi. Mimi nilijua.

Hapa msomaji mkali ataniambia: basi, siku hizi utakuwa unakatakata hadi upate ukataji unaomwokoa unayemwonea huruma. Ni pingamizi halali, na linaniuma kwa sababu nimeshaona watu wakilifanya. Katika vijisehemu 936, ukitafuta kwa bidii, kila mtu ni bingwa mahali fulani. Yuko wa kwanza katika asubuhi za wiki ya nne. Yuko asiyeshindwa wiki ya tisa mchana. Ukikata kwa pande zote tatu, c(1, 2, 3), kila slesi inabaki na namba moja tu, wastani wa namba moja ni namba hiyo hiyo, na R inakurudishia sanduku lako kama lilivyokuwa. Kila mtu anakuwa wa kwanza katika mashindano aliyokimbia peke yake. Huo nao ni uongo, uongo wa upole. Na upande ule mwingine, ukijumlisha kila kitu, unabaki na namba moja ya kampuni nzima na hakuna mtu ndani yake. Haki lazima iwe mahali fulani katikati, na ubaya wa katikati ni kwamba haina alama ya barabarani.

Kwa muda nilidhani nimepata kanuni. Kata kwanza kwa kile ambacho mtu hakukichagua, halafu ndipo umhukumu. 17 hakuchagua usiku uwe mgumu, kwa hiyo mlinganishe na wenzake wa usiku. Safi. Kisha nikakumbuka mfano ambao R huja nao ndani, ule ambao mwalimu wetu alitupitisha harakaharaka tukielekea mtihani.

Unaitwa UCBAdmissions. Ni sanduku dogo lenye pande tatu: amekubaliwa au amekataliwa, mwanamume au mwanamke, na idara sita zilizopewa herufi A hadi F. Ni maombi 4,526 ya masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ya mwaka 1973. Ukilibana upande wa idara, apply(UCBAdmissions, c(1, 2), sum), unapata wanaume 2,691 waliokubaliwa 1,198, na wanawake 1,835 waliokubaliwa 557. Yaani karibu wanaume 45 katika kila mia, na wanawake 30. Ukiona hivyo unasimama kwa hasira, na una haki.

Sasa rudisha idara. Idara A: wanawake 82 katika kila mia walikubaliwa, wanaume 62. Idara B, wanawake mbele tena. D na F, mbele kidogo. Ni C na E tu ambako wanaume walikuwa mbele, na si kwa mbali. Wasomi watatu, Bickel, Hammel na O'Connell, waliuchunguza mkasa huu na kuandika kuuhusu katika jarida la Science mwaka 1975. Siri ilikuwa katika milango ambayo watu walibisha. Zaidi ya nusu ya wanaume, 1,385, waliomba A na B, ambako zaidi ya nusu ya waombaji waliingia. Wanawake walioomba huko walikuwa 133 tu. Wengine wote walijaa kwenye idara ngumu, na ya mwisho, F, ilikubali watu sita au saba katika kila mia, uwe mwanamume au mwanamke.

Mwalimu wetu aliishia hapo. Akasema, mnaona, hakukuwa na ubaguzi, ni ujanja wa jumla. Tukaandika, tukafaulu au tukafeli, kila mtu na lake. Lakini waandishi wa 1975 hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba wanawake walikuwa wameelekezwa tangu mapema, na malezi na shule, kwenda kwenye nyanja zenye msongamano na fedha kidogo, na mbali na zile zinazodai hesabu nyingi. Sasa iweke hiyo kwenye kanuni yangu. Idara ni kitu ambacho mtu alikichagua au hakukichagua? Msichana aliyeambiwa akiwa na miaka kumi na mbili kwamba hesabu ni za wavulana, akijaza fomu akiwa na miaka ishirini na mbili, kalamu ni yake lakini mkono ni wa nani? Ukikata kwa idara unazisafisha kamati, na huenda kweli zilistahili kusafishwa. Lakini ukataji huo huo unaweza kutumiwa kufunga faili na kwenda nyumbani, kana kwamba dhuluma ambayo haina chumba haipo.

Kwetu tumeuona mchezo huu kwa macho. Katiba ya 2010 inasema chombo cha umma cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Lakini watu hupiga kura kwa slesi. Kila eneobunge linachagua mbunge mmoja, na mbunge mmoja huwezi kumgawanya kwa tatu. Mwaka 2017 maeneobunge 290 yalichagua wanawake 23. Nenda eneobunge moja moja ukiuliza nani amevunja Katiba, hutampata. Kila mmoja atakwambia sisi tulimchagua tuliyemwona anafaa. Jumlisha, na Katiba imevunjwa mchana kweupe, hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge mnamo Septemba 2020. Bunge halikuvunjwa. Berkeley jumla ilishtaki na slesi zikatetea, na huku kwetu ni vivyo hivyo, ila hapa sheria yenyewe inatazama jumla. Sidhani Katiba ilikosea hesabu. Nadhani waliiandika wakijua kwamba kuna makosa ambayo hayafanywi na mtu yeyote mmoja, na bado yanafanywa.

Ndiyo maana siku hizi siamini kwamba kuna ukataji mmoja wa haki. Ukitaka kujua nani alaumiwe, unakata mwembamba, hadi ufike kwa mkono uliotenda. Ukitaka kujua kama kuna mtu anaumia, lazima pia ujumlishe, hata kama mwisho wa jumla hakuna uso wa kuukasirikia. Kosa ni kuchukua jibu la swali moja na kulitumia kwa lingine. Mimi niliulizwa nani ana namba ndogo, jibu likatumika kama nani hafai. Yale ni maswali mawili, na niliyaacha yavae shati moja.

Nilimwuliza rafiki yangu kwa nini 17 alikuwa usiku kila wiki. Nilitarajia kusikia kwamba alipenda, labda ana mtoto wa kutunza mchana, kitu cha kunipunguzia uzito. Akacheka. Pale, mgeni hupewa usiku mpaka aje mgeni mwingine. Na baada yake hawakuandika mtu. Kwa hiyo hata jedwali langu la pili, lile la haki, lile lililomtoa kwenye nyekundu na kumfanya wa kwanza wa usiku, halikugusa jambo lenyewe. Lingemwacha huko huko usiku, na sifa juu. Nililikagua sanduku kila upande: wafanyakazi, wiki, zamu. Hakuna upande wa anayepanga zamu. Aliyejaza sanduku huwa hajiweki ndani yake.

Nilimwandikia bosi. Sikuandika hotuba. Nilituma jedwali la pili, nikaeleza kwa aya mbili kwamba orodha ya kwanza ililinganisha watu wa usiku na watu wa mchana, kwamba kosa la kutosema hivyo lilikuwa langu, na kwamba 17 aliongoza zamu yake. Akajibu kesho yake, kwa adabu. Asante, kazi nzuri, uamuzi ulishapita, safari ijayo tuletee zote mbili. Nilisoma neno "zote mbili" mara kadhaa. Nilifikiria kumwambia sitaki safari ijayo. Kisha nikafikiria tarehe tano na landilodi, na sikuandika kitu.

Faili ya robo iliyofuata ilifika Jumatatu. Nimeifungua. Wafanyakazi ni 24 tena, kwa hiyo nafasi zilijazwa, na namba zilizoachwa wazi zimepewa watu wapya. 17 yupo. Asubuhi ni mapengo 13, mchana ni mapengo 13, usiku umejaa wiki zote. Barua pepe iliyokuja nayo ina sentensi moja, na inaanza na nani. Bado sijaendesha mstari wowote. Kishale kinawaka na kuzima pale baada ya mabano, mahali pa kuandika upande.